Chombo cha Shosho Hakina Jina

Wasee, leo nawapa stori ya chombo cha maua, na msicheke.

Shosho alifanya kazi ya nyumba kwa familia moja ya Waingereza pale Lavington. Walipofunga mizigo kurudi kwao, mama mwenye nyumba alimwachia chombo cha kioo, rangi ya machungwa, kizito kama jiwe, na ngozi yake imeparara kama gome la mti. Shosho hakuwa na maua. Akaweka miiko. Utoto wangu wote, hicho kilikuwa chombo cha miiko.

Juzi akahitaji doo ya miwani mipya. Mimi huuza vitu vya zamani mtandaoni, kwa hivyo nikakiosha, nikapiga picha, nikaposti. Saa moja haijaisha, mteja akaandika: "Hiyo ni Murano? Kama ni Murano natuma 25,000 sai."

Murano ni visiwa karibu na Venice, Italia, ambako mafundi wa kioo walihamishiwa mwaka 1291. Siku hizi kila kioo chenye rangi kinaitwa Murano. Anko akaniambia, "We sema ndiyo. Nani atajua?" Na kweli, chombo hakina muhuri, hakina sahihi, hata stika hakina.

Nilikaa na simu mkononi. Miwani inahitajika. Lakini nikasema wacha kwanza nijue ninauza nini.

Nikaanza chini, kwa kitako. Kioo kikipulizwa, fundi hukishika hapo kwa fimbo ya chuma ili amalizie mdomo. Kikitenganishwa na fimbo, kinabaki na kovu. Wengine huliacha hivyo, wengine hulisugua. Cha shosho kimesuguliwa hadi kiko laini kabisa. Hii haikunipa jina, lakini ilinionyesha kuna mtu alijali.

Gome ndilo lilinifungua macho. Kule Finland, mwaka 1964, Timo Sarpaneva alibuni vyombo vya Iittala kwa kalibu za mbao zilizoungua kila kioo cha moto kilipopulizwa ndani. Vinafanana na gome, lakini nilivyoviona picha havikuwa na rangi, na vingi vina sahihi yake. Halafu nikafika London. Kiwanda cha Whitefriars, mbunifu Geoffrey Baxter, 1967: yeye aliweka magome halisi ya miti ndani ya kalibu. Na kiwanda hicho kilitumia sana stika za karatasi. Osha mara tatu, jina limeenda na maji! Kilifungwa 1980.

Nikapima urefu, nikalinganisha rangi na umbo na picha za katalogi zao za zamani. Vinaingiana. Lakini kufanana si ushahidi kamili, maana kitu kizuri huigwa.

Kwa hivyo nikamjibu mteja: "Si Murano. Naamini ni Whitefriars, sababu ni hizi, picha za kitako ndizo hizi. Haina muhuri, siwezi kukuapia." Akasoma, akanyamaza. Anko alicheka wiki nzima.

Nikamweleza shosho. Akauliza, "Huyo Baxter ndiye alipuliza?"

"Hapana shosho, yeye alichora. Waliopuliza ni wafanyakazi wa kiwanda."

"Na hao wanaitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akageuza chombo mkononi, akasema polepole, "Yule mama aliniita Mary miaka kumi na moja. Mimi siitwi Mary. Hakuwahi kuuliza."

Hapo ndipo nilielewa kwa nini ile "sema ndiyo" ilikuwa inanikwama kooni. Kubandika jina kubwa kwa kitu ambacho hujauliza kilikotoka ni ule ule uvivu wa yule mama.

Baadaye mtu mwingine alikinunua kwa 14,000, akijua kila kitu nilichojua. Nikaongezea zangu, miwani ikapatikana. Miiko sasa iko kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, na shosho anasema mkebe ni mwepesi, unaanguka anguka.

Kwenu kuna kitu gani cha zamani hakina jina? Kabla hujakiuza, kigeuze uangalie kitako. Halafu kaa chini na shosho wako umuulize maswali, kuanzia jina lake kamili. Niambieni mmepata nini.