Kizazi cha Darubini na Daftari

Wanangu mnaosomea magonjwa ya mapafu, nanyi ambao mmekwisha kuitwa mabingwa, naandika kwa niaba ya wenzangu tulioanza kazi hii katikati ya miaka ya 1970, ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki. Siku zile ukisema unasomea kifua, watu walisogea pembeni. Kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kufichwa chumba cha nyuma, na hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilitajwa kwa sauti ya chini, kama mahali anapopelekwa ndugu asiyetarajiwa kurudi. Waliotaka sifa walikwenda kwenye upasuaji. Sisi tulibaki na makohozi, wala sijapata kujuta.

Leo mnatia makohozi kwenye mashine, na baada ya saa mbili inawaambia kama vimelea vipo na kama vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Nafurahi kuliona hilo kabla sijafumba macho. Sisi tulipaka makohozi kwenye slaidi, tukaiacha ikauke, tukaipitisha juu ya moto mara tatu, tukamwagia rangi nyekundu na kuipasha hadi ifuke mvuke, tukaosha kwa asidi, ndipo tukatia rangi ya bluu. Vimelea vya TB havikubali kuoshwa. Vilibaki vyekundu, vyembamba kama vipande vya uzi. Kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu, ilikupasa upitie sehemu mia moja za slaidi ile, moja baada ya nyingine, shingo ikiuma. Umeme ukikatika tuligeuza kioo cha chini ya darubini kuelekea dirishani, tukaendelea kwa mwanga wa jua mpaka lilipokuchwa.

Wapo wanaodhani sayansi ya mapafu ilifanyika Ulaya, nasi tukaipokea tu. Sivyo. Dozi ya TB ilikuwa ikichukua mwaka mzima, mara nyingi mwaka na nusu. Wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ndio walioingia katika majaribio yaliyoanza mwaka 1970 kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yakaonesha kwamba rifampisini ikitumiwa pamoja na isoniazidi na streptomaisini, miezi sita yaweza kutosha. Kisha mwaka 1977 ukaanza hapa Tanzania Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na pamoja nasi akawepo Karel Styblo, Mcheki ambaye yeye mwenyewe aliambukizwa TB katika kambi ya Wanazi. Alitufundisha kwamba kila jina lililoingia kwenye rejista lazima litolewe hesabu: amepona, amefariki, amehama au ameacha dawa. Hesabu hiyo, iliyokomaa katika wilaya zetu, ndiyo Shirika la Afya Duniani liliyoieneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Naitaja kwa fahari, kwa kuwa nawajua walioijaza kwa mkono.

Namkumbuka mama mmoja wa milimani aliyeacha kuja kliniki mwezi wa tano wa matibabu. Tulimfuata mimi na msaidizi wangu, nusu ya njia kwa baiskeli, nusu kwa miguu. Tulimkuta akipalilia mahindi, amenenepa, anacheka. Kwake yeye, kupata nafuu kulikuwa ndiko kupona. Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Vidonge vyake vyote vilivyobaki vilikuwamo, amemwekea mwanawe aliyeanza kukohoa. Katika kopo lile nilijifunza mambo ambayo darasani sikuwahi kufundishwa, na swali la utafiti wangu wa kwanza lilitoka humo: ni nani mwingine anayekohoa katika nyumba ya mgonjwa?

Ndipo ukaja UKIMWI, ukatukuta tumeanza kupumua. Wodi zilijaa tena. Thiasetazoni, kidonge cha bei nafuu tulichokitegemea kwa miaka, kikaanza kuwababua ngozi wagonjwa wenye virusi, na wengine wakafa kwa dawa tuliyowapa wenyewe. Hilo lilituumiza kuliko yote. Tulihesabu, tukaandika, dawa ile ikaondolewa. Asubuhi ilikuwa ya wodi, mchana wa wanafunzi, na makala iliandikwa usiku kwa taa ya chemli. Uprofesa ulikuja nywele zimekwisha kuwa nyeupe, na wenzetu kadhaa walioambukizwa kazini hawakuufikia.

Ninyi mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na akili zenu ni nyepesi kuliko zetu. Nawaomba jambo moja. Mkishasoma majibu ya mashine, muulizeni mgonjwa analala na nani chumba kimoja, liandikeni jina lake vizuri, na mwezi wa tano asipoonekana, mfuateni kwake.