Robo ya Gari

Msomaji wa kurasa hizi, aliyezoea kukuta humu vina na mizani, huenda akastaajabu kukutana na habari za injini. Lakini kwa miaka minne sasa Jumamosi zangu, na mara nyingi nusu ya Jumapili, zimepita chini ya gari moja hapa Mombasa, na huko nimepata jambo ambalo miaka yangu yote ya kutarjumi mashairi ya watu haikunipa. Nitalieleza kadiri niwezavyo. Asiyeipenda harufu ya oili na aniwie radhi.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z: milango miwili, pua ndefu, mgongo ulioteremka taratibu hadi nyuma, na viti viwili tu, kana kwamba aliyelibuni hakutaka wakwe wapande. Lilizinduliwa Japani mwaka 1969. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa kwa safu moja, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393, nayo hulishwa na kabureta mbili. Kwa Waafrika Mashariki wa umri wangu na walionizidi, halihitaji kutambulishwa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari, na mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Mara hiyo ya pili Mehta alilingana pointi kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, ikabidi kanuni iwatenganishe. Wazee husimulia magari hayo yalivyopita yakiwa yameviringishwa matope hata rangi haionekani, na watoto wakiyakimbilia kuyagusa bado ya moto.

Gari letu halikushindana na mtu. Marehemu mkwe wangu, aliyekuwa karani bandarini, alilinunua mwaka 1978 kwa mtu aliyekuwa akihama, naye akawa mwenyewe wa tatu. Alilipeleka msikitini siku ya Ijumaa na Malindi wakati wa Idi. Siku hizo daraja la Kilifi lilikuwa bado, hadi lilipofunguliwa mwaka 1991, na gari lenye pua ndefu na tumbo lililo karibu na ardhi si chombo cha kupandia feri. Chini ya pua, upande wa kushoto, pana bonde la upana wa kiganja lililotokana na ulimi wa feri ya Kilifi. Watoto wake wote walikuwa hai wakati lilipotokea, na kila mmoja analieleza kivyake.

Alifariki mwaka 2016, mama yao akiwa amemtangulia, akaacha mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Madeni yalilipwa, nyumba ikagawanywa, kila kitu kikapata mwenyewe isipokuwa gari, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitia bei. Likabaki mali ya shirika: nusu ya kaka, robo ya kila dada. Mke wangu ni mmoja wa hao mabinti. Kwa hiyo mimi hutumikia kitu ambacho robo yake ni ya mke wangu, na ambacho hata nati moja si yangu. Siku moja nilipoingia ndani na mikono myeusi, aliniuliza robo yake ni ipi hasa, magurudumu au kiti cha abiria. Nilimjibu kuwa kwa sheria ni robo ya kila kitu, hata ya kutu. Akasema, "Basi robo yangu ya kutu iondoeni mwanzo."

Tuko watatu katika kazi hiyo. Shemeji ndiye mwenye shauku na ndiye mwenye kununua vipuri. Fundi wetu ni mzee aliyevuka miaka sabini, aliyezifungua injini za aina hii zilipokuwa bado mpya. Mimi ni mkalimani. Si mzaha: shemeji alirithi pia kitabu cha fundi cha gari hilo, cha Kiingereza, kurasa zake zimelowa grisi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukisoma kwa Kiswahili kwa sauti ilhali mzee yumo kichwani katika boneti. Nilidhani nitamfundisha. Nikamsomea kwamba injini ikiwa baridi, mwanya wa valvu ya kuingiza uwe milimita 0.20 na wa valvu ya kutoa uwe 0.25. Akanisikiliza kwa adabu, akavuta vile vipimio vyembamba vya chuma, akavipitisha katika valvu kumi na mbili mmoja mmoja, akilegeza nati na kuikaza, kisha akasema, "Kitabu chako chasema kweli." Ndiyo sifa pekee aliyokipa kitabu hicho mpaka leo.

Kilichonivuta zaidi ni kusawazisha kabureta. Kila moja hulisha silinda tatu, na zikiwa hazivuti hewa sawasawa injini hukohoa, hutetemeka, na hunywa petroli kwa pupa. Kuna vyombo vya kupimia jambo hilo. Mzee hana haja navyo. Huchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia sikioni na nyingine akaiweka kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akasikiliza mfoko wa hewa. Kisha akahamia ya pili. Kisha akarudi ya kwanza, akizungusha skrubu chini ya robo ya mzunguko, hadi mifoko miwili ikawa mmoja. Alinipa mpira huo nami nikasikia. Wiki za kwanza sauti zote zilikuwa sawa kwangu. Ilinichukua miezi kuitambua tofauti, na nilipoitambua nilishangaa kuwa ilikuwa kubwa vile. Silinda sita huwaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na sikio likishazoea, moja ikikosa hujulikana kama mstari uliopungua mizani hujulikana kwa msomaji wa utenzi, kabla hajahesabu.

Habari za kutu nitazipita haraka. Kisiwa ni kisiwa. Hewa ya chumvi haina rafiki, na magari hayo yalijengwa kwa bati jembamba. Tulikata palipokufa sakafuni na chini ya betri, tukaunga bati jipya, tukapiga msasa na kupaka rangi. Kazi hiyo ilichukua mwaka na miezi, na hakuna mtu atakayeiona.

Mambo yalipamba moto tulipofika kwenye injini yenyewe. Ilikuwa imechoka. Ilitoa moshi wa buluu, ilikula oili, na tulipopima kompresheni, silinda ya tatu na ya tano zilikuwa zimeshuka hadi karibu nusu ya wenzao. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuyachonga upya mashimo ya silinda, kuyapanua kwa nusu milimita au milimita nzima, na kutia pistoni kubwa zaidi. Ya pili, ambayo shemeji aliiota usiku na mchana, ni kuitoa injini nzima na kuweka nyingine ya ukoo uleule: ile ya ujazo wa 2,753 iliyotiwa katika Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980. Bloku hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Hukaa katika vishikizo vilevile, na kwa nje asiyejua hatofautishi. Ile kubwa ina mashimo ya milimita 86 badala ya 83, na mwendo wa pistoni wa 79 badala ya 73.7. Jangwa limezitafuna Patrol nyingi, lakini injini zao huonekana bado kwa wauza vyuma.

Hapo ndipo mirathi ilipoingia gereji. Shemeji mdogo, dada wa mke wangu, anakaa Maskati na amekuwa akitaka gari liuzwe. Aliambiwa, na ni kweli, kuwa wapenzi wa magari ya zamani hulipa zaidi kwa gari ambalo nambari ya injini iliyogongwa kwenye bloku ni ileile iliyoandikwa kwenye kibati chini ya boneti. La kwetu nambari zinalingana. Akapiga simu: "Mkiitoa injini ya Baba, mmenila robo yangu." Hakulipandisha neno hilo kwa sauti, lakini kaka yake alikaa kimya siku mbili. Mke wangu naye, ambaye fedha hazikumshughulisha, alisema kuwa gari likiwa na moyo wa Patrol halitakuwa la baba yao tena. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, niliwaunga mkono mabinti. Mtarjumi hufundishwa na kazi yake kuiogopa asili. Niliona kuchonga silinda ndiyo njia ya uaminifu: injini ni ileile, nambari ni ileile, tumeisafisha tu.

Mzee ndiye aliyetugeuza. Alikuwa ameketi juu ya debe akinywa kahawa, na alisema, bila kumtazama yeyote, kuwa chuma kikishachongwa hakirudi. Ukichonga leo, umeondoa ukuta wa silinda ambao mkwe wako aliununua, na hakuna atakayeurudisha, wala wewe wala mjukuu wako; na ukikosea kipimo, bloku hiyo ni ya kufungia mashua. Lakini injini ukiitoa nzima, ukaipaka grisi, ukaifunga gunia, ipo. Mtu ataitaka kesho, ataifungua bolti chache na kuirudisha. "Sasa niambieni," akasema, "ni nani anayeharibu?"

Nililala na swali hilo. Katika tarjuma sijawahi kuliuliza, kwa sababu halinihusu: nifanye nitakalo na shairi la mtu, shairi lenyewe liko palepale alipoliacha, tarjuma yangu ikiwa mbovu itatupwa na mwingine ataanza upya. Ujasiri wangu wote wa mtarjumi umesimama juu ya jambo hilo, nami nilikuwa nikidhani ni ujasiri wangu. Gari halina nuskha ya pili. Wanaoshughulika na miswada ya kale wanaujua mzani huu kuliko sisi. Mashairi ya Muyaka yangepotea lau Mwalimu Sikujua hapa Mombasa hangeyakusanya na kuyaandika, naye akaongeza maelezo ya maneno na matukio. Maelezo ni nyongeza, na nyongeza waweza kuifunika kwa mkono ukasoma kilicho chini. Mtu aliyekwangua neno la zamani katika karatasi ileile ili aandike lililo sahihi zaidi kwa maoni yake, huyo nia yake inaweza kuwa njema kuliko ya wote, lakini neno limekwenda.

Basi tukaandika karatasi. Warithi watatu wakaitia saini, wa Maskati kwa kutumiwa picha ya simu. Ilisema kwamba injini ya zamani haitauzwa wala kuchongwa. Kwamba hakuna bati litakalokatwa ila lililooza. Kwamba hakuna tundu jipya litakalotobolewa popote. Na kwamba gari likiuzwa, injini mbili zitakwenda pamoja. Sharti la pili lilimuuma shemeji. Alikuwa anataka matairi mapana, na matairi mapana yangedai kukatwa kwa kingo za mabawa. Aliniangalia kama msaliti. Nilimwambia kuwa mimi sina hisa.

Bloku ya Patrol tuliipata, mzee akaipima na kuridhika. Bakuli lake la oili halikufaa, kwa kuwa lilitengenezwa kwa tumbo la Patrol, tukalichukua la zamani pamoja na mrija wake wa kufyonzea. Silinda hedi nayo tuliihamisha ileile ya 240Z, jambo linaloongeza kompresheni juu ya bloku hiyo. Kwa hiyo gari lina kichwa chake na kiwiliwili cha mwingine, na kabureta zake mbili ziko mahali pake. Siku ilipowaka, mzee alidai mpira wake wa maji. Siku hizi husikiliza kwa sikio la kulia tu. La kushoto, asema, limestaafu. Alisikiliza, akanipa nami, akaniuliza ipi inavuta zaidi. Nikasema ya nyuma. Hakujibu, alizungusha skrubu ya nyuma.

Wa Maskati bado anataka kuuza, na haki yake iko palepale. Mke wangu amesema atakubali baada ya gari kwenda Malindi mara moja. Injini ya zamani imelala juu ya magogo ya mkoko chini ya meza ya kazi, katika gunia la kahawa, na kila mwezi mzee huizungusha kwa spana mzunguko mmoja ili isigande.

Limebaki lile bonde la feri. Fundi wa bodi alikwisha kulitia nyundo kwa ndani, alikuwa anatafuta kipande cha gogo cha kukinga kwa nje, mke wangu alipotoka na sinia ya chai. Aliiweka sinia juu ya boneti, kitu ambacho yeyote kati yetu angefokewa kwacho, akamuuliza kama karatasi ameisoma. Karatasi haisemi lolote kuhusu mabonde. Hata hivyo pua imepakwa rangi nyekundu mpya na bonde limo, na Jumamosi ijayo tuna mabomba ya breki.