NYUMBA ZENYE MWAKA USONI

Ukimwuliza mtu sifa za majengo ya Mombasa, atakutajia Fort Jesus na milango ya Mji wa Kale. Ni haki yake. Lakini wasomaji wenzangu, sisi wa Kiembeni tukishuka matatu mjini twapita chini ya majengo mengine ambayo hata macho hatuyainulii. Yako Digo Road na Moi Avenue, ile iliyokuwa ikiitwa Kilindini Road. Chini duka, juu nyumba ya kuishi. Pembe zimeviringwa, mistari imepanda ukutani kama vidato vya ngazi, na kwenye paji la jengo mwenyewe ameandika jina na mwaka aliojenga.

Mtindo huo huitwa Art Deko. Jina lilitokana na maonyesho makubwa yaliyofanywa Paris, Ufaransa, mwaka 1925. Ukaenea New York, ukaenea Mumbai, na kwetu ukaletwa zaidi na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Bukavu, Kongo mashariki, uko tele. Asmara, Eritrea, kuna Fiat Tagliero, kituo cha petroli kilichojengwa mwaka 1938 kwa umbo la ndege. Mabawa yake ya zege hayana nguzo hata moja! Mwaka 2017 UNESCO iliutia mji huo katika urithi wa dunia.

Mimi nilifunguliwa macho na baba, ambaye ni mwashi. Likizo ya Agosti nilimsaidia kuchanganya simiti katika jengo moja kuukuu mjini. Mwenyewe alitaka uso wote uwe bapa, ubandikwe vigae ving'aavyo. Kwa hivyo vile vibaraza vya zege vilivyo juu ya madirisha sharti vivunjwe. Baba akanionyesha kazi yake: jua la saa saba halipigi dirishani, na mvua ya masika haimwagiki ndani.

"Waliojenga hapa hawakutegemea feni," aliniambia. "Hiki si pambo tu, mwanangu."

"Sasa baba, mbona twavivunja?"

"Nisipovunja mimi atavunja mwingine. Na pesa za chakula chako cha shule nitatoa wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Simlaumu baba, wala mwenye jengo, kwani mali ni yake. Lakini Mji wa Kale una sheria ya kuulinda, na Fort Jesus imo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2011. Haya ya Digo Road nani ayasemee? Mwaka 2018 kaunti iliamuru majengo ya mjini yapakwe rangi nyeupe na buluu. Rangi hupakwa upya. Zege likishavunjwa, ndiyo basi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Naomba chama chetu kichukue daftari Jumamosi moja tu, tuandike kila jina na kila mwaka ulio usoni mwa nyumba hizo kabla vigae havijazifunika.