Benchi la Nyuma

Miaka ile ya 1980, ukitaka kufika kwetu Old Moshi, ulishukia Kiboriloni, ukanunua chumvi na kibiriti kama vilikuwapo, kisha ukaanza kupanda kwa miguu. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu. Masika yakishika, udongo huo uling'ang'ania viatu hata ukaona heri uvivue, uvibebe mkononi. Nyuma yako liliachwa joto la mjini. Mbele, migomba ilisogea pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki kipande tu juu ya kichwa, na hapo ndipo ulipoanza kusikia maji. Mfongo ulipita kando ya njia, mwembamba, unasemasema peke yake, ukipeleka maji kihamba hadi kihamba, yaani kutoka shamba la nyumba moja hadi jingine, kama wazee walivyouchimba kabla ya kahawa na kabla ya kanisa. Ulisikia pia ng'ombe wakicheua vibandani bila kuwaona. Harufu zilikuja kwa zamu: moshi wa kuni, samadi, majani ya mgomba yaliyolowa, na wakati wa mavuno, maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha.

Tulipopita Tsudunyi, penye mti ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wetu, mwaka 1900, Babu alivua kofia. Hakusema neno. Hatua chache mbele aliirudisha kichwani, tukaendelea kupanda.

Kanisa letu lilikuwa la mawe, na kengele yake ilikuwa ya enzi za wamisionari wa Leipzig. Ilipopigwa Jumapili asubuhi ilisikika hadi ng'ambo ya korongo, na kilele cha Kibo kikiwa bado wazi, kabla mawingu hayajakifunika. Nyumbani pasi ya mkaa ilikuwa imeshapita juu ya koti la Babu. Bibi alikuwa ameshafua tangu Ijumaa, mara nyingi kwa majani ya mpapai, maana sabuni ilikuwa adimu. Tulitoka pamoja, lakini tukifika mlangoni tuligawanyika. Babu, mzee wa kanisa, alikwenda kuketi mbele pamoja na wazee wenzake. Bibi alikaa upande wa akina mama. Mimi nilibaki nyuma kabisa na Shangazi, nimsaidie kumshika mtoto.

Shangazi alikuwa kitinda mimba wa Babu. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akarudi na mimba. Jumapili moja jina lake lilisomwa mbele ya usharika kwamba ametengwa, asishiriki Meza ya Bwana mpaka atakaporudi kundini. Jina la mwanamume halikusomwa. Nilikuwa mdogo mno kuliona hilo, lakini nimelifikiria sana ukubwani na linaniuma hadi leo: aibu ya watu wawili ilitwikwa kichwa kimoja.

Babu hakumfukuza. Aliacha tu kumsalimu. Shangazi alihamia chumba cha jikoni, penye masizi na mikungu ya ndizi iliyofunikwa ili iive, na kila alipopita uani Babu aligeukia upande wa zizi.

Basi benchi la nyuma nililijua vizuri. Lilinukia masweta yenye unyevu na maziwa ya watoto. Chini yake kuku waliofungwa miguu walisubiri mnada wa baada ya ibada, wakitoa sauti ndogo kila tulipoinuka kuimba. Alikaa hapo baba mmoja aliyeoa mke wa pili, kijana aliyeishi na mwenzake bila ndoa, na mzee ambaye pombe ilimshinda. Nilidhani ni benchi la wageni. Wimbo wa ushirika ukianza, watu wa mbele wakienda kupiga magoti madhabahuni, Shangazi alichukua khanga yake na kutoka. Alisimama kwenye mibuni nje, mgongo kwa kanisa, mpaka aliposikia baraka.

Jumapili moja jirani yetu, mama wa makamo, aliacha nafasi yake kule mbele akaja kuketi kati ya Shangazi na mimi. Alikuwa mtu wa uamsho, katika wale waliosalimiana kwa Tukutendereza, moto uliotoka Rwanda na Uganda ukapanda hadi mlimani kwetu wazazi wetu wakiwa bado vijana. Hakuhubiri. Alifungua kitabu cha nyimbo akakiweka katikati ili wote wawili wasome. Jumapili iliyofuata akaja tena.

Msimu wa kahawa ulipofika alianza kuja kihambani kusaidia kuchuma. Nilikuwa chini ya mbuni nikiokota buni zilizodondoka, na watu wazima husahau kwamba mtoto ana masikio.

"Namwogopa Mungu, mama," Shangazi alisema. "Nikifumba macho nisali, nauona uso wake umekasirika."

"Uso wa Mungu, au wa baba yako?"

Shangazi aliacha kuchuma. Kikapu kilimning'inia mkononi. Kisha akalia, naye yule mama akaendelea kuchuma tawi lake taratibu, mbivu akiacha mbichi, mpaka kilio kikapungua chenyewe. Waliomba palepale, vidole vikiwa bado vinanata utomvu mtamu wa buni. Sikuelewa maneno yote, kwa kuwa Kichaga chao kilikuwa cha ndani sana, ila nilisikia Ruwa, yaani Mungu, akitajwa tena na tena, kwa sauti ambayo sikuizoea kanisani, sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu.

Miaka mingi baadaye Shangazi aliniambia kwamba alianza kusali kwa kweli katika kipindi kile, akiwa nje kwenye mibuni wakati wenzake wanapokea mkate na divai. Zamani, alisema, alikwenda mezani kwa sababu binti wa mzee wa kanisa huenda mezani.

Jioni ya siku ile ya kuchuma kahawa jirani alikata jani la isale mpakani, akalifunga fundo, akaja nalo kwa Babu. Kila Mchaga anajua: anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Wala Babu hakuliona jani hilo kuwa kinyume cha kanisa; alikuwa mtoto enzi za Bruno Gutmann, mmisionari aliyeondoka Old Moshi mwaka 1938 akiwa ameandika mengi juu ya mila zetu, na ambaye hakuona kwamba Mchaga lazima auache ukoo na ujirani wake ili awe Mkristo. Babu aliweka kikombe chini. Alilishika lile jani kwa muda mrefu, akilizungusha kati ya vidole vyake vilivyokomaa kwa jembe. Kisha akatazama kuelekea jikoni, akauliza kwa sauti ya kukwaruza:

"Mtoto amekula?"

Ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia akimwambia Shangazi tangu alipotengwa.

Siku Shangazi aliporudi kundini sikuona kitu. Mtoto alianza kulia mchungaji alipomwita mbele, ikabidi nitoke naye. Kwa hiyo nilisikia tu, nikiwa nje kati ya mbuzi na mikungu ya mnada: sauti ya mchungaji ikiuliza, kimya, Shangazi akijibu kwa sauti ndogo lakini bila kutetemeka, na usharika mzima ukiitikia. Wimbo wa ushirika ukaanza. Nilitazama mlangoni kwa mazoea. Hakutoka.

Baada ya ibada, mkungu wa Shangazi uliponadiwa, ndizi za kihamba chetu wenyewe, Babu alipanda bei kwanza. Mtu akaongeza. Babu akaongeza tena, mwinjilisti akicheka na akina mama wakipiga vigelegele, hadi akanunua ndizi alizozipanda kwa mikono yake. Akaamuru zipelekwe kwa jirani. Shangazi alisokota ngata, akautwika mkungu, na wale wanawake wawili wakateremka njiani wakizungumza kwa sauti kubwa. Mimi nilifuata nyuma na mtoto mgongoni, nikiwaita wapunguze mwendo.