Kwa Nini Ratiba ya Futari Ilichelewa



Wengi wenu mliuliza kwa nini ratiba ya Ramadhani ya mwaka 2025 ilichelewa kuwafikia hapa Rosettenville. Tunawiwa maelezo, na kosa lilikuwa letu.

Nyakati hizo huzikokotoa kwa programu tuliyoiandika wenyewe kwa lugha ya Python. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, tuliihamisha kompyuta yetu kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Tulipotaka kuijenga programu upya, ikagoma: sehemu iitwayo distutils haikuonekana. Kumbe iliondolewa katika Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, baada ya kutangazwa tangu 2021. Python yetu ya zamani ilikuwa ikituonya kila mara, nasi tukipita kana kwamba hatukuona.

Mmoja wetu akashauri tutoe nakala za ratiba ya 2024. Tulikataa. Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na mwezi Machi jua la Johannesburg huzama mapema zaidi kwa takriban dakika 1 kila siku. Aliyefuata ratiba ya zamani angefuturu kama dakika 10 kabla ya magharibi, na saumu ya nyumba nzima ingeharibika kwa uvivu wetu.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo. Tulitenga mazingira ya pekee ya Python, tukaweka humo kifurushi cha setuptools, ambacho hubeba nakala yake ya distutils. Kisha, katika faili la setup.py, tukabadili mstari mmoja ili uite setuptools. Programu ikajengeka. Hata hivyo hatukuiamini papo hapo: tulilinganisha nyakati za tarehe 12 hadi 30 Machi, zilizomo katika ratiba zote mbili, na zikaafikiana.

Tangu hapo tumejiwekea masharti matatu: hatubadili mfumo karibu na Ramadhani, diski ya zamani haifutwi mpaka mpya ijaribiwe, na onyo la kompyuta husomwa siku linapotolewa. Anayewapangia wenzake saa ya kufuturu amebeba amana, nayo haina udhuru wa mashine.

Tunaomba radhi. Wabillahi tawfiq.