Saa Iliyokubali Kukaguliwa

Katika miaka yangu ya ualimu mkuu niliamini kwamba mkubwa hakosei mbele ya wadogo. Uzeeni, habari za fundi saa mmoja wa London zimenifanya nijitazame upya.

Edward John Dent alianza kazi yake mwaka 1814. Alisifika kwa saa za baharini, zile zilizowasaidia manahodha kujua meli ipo wapi. Mwaka 1852 kampuni yake ilipewa kazi ya kutengeneza saa ya mnara wa Bunge la Uingereza, ile tunayoiita Big Ben, ingawa kwa asili jina hilo ni la kengele yake kubwa. Masharti yalikuwa ya George Airy, mkuu wa kituo cha nyota cha Greenwich: pigo la kwanza la kila saa lisipishane na wakati wa kweli kwa zaidi ya sekunde moja, na mara mbili kwa siku saa ipeleke habari zake Greenwich kwa telegrafu, ipimwe. Mafundi wengine walilalamika kwamba jambo hilo haliwezekani. Dent alikubali.

Alifariki mwaka 1853, kazi haijaisha. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwanawe wa kambo, Frederick, aliikamilisha mwaka 1854. Mnara ulikuwa bado, hivyo saa ikasubiri. Ilianza kazi mnarani tarehe 31 Mei 1859.

Kinachonigusa zaidi ni sarafu. Juu ya pendulamu yake mafundi huweka peni za zamani. Wakiongeza moja, saa huongeza mwendo kwa sekunde 0.4 kwa siku, wakiiondoa, hupunguza. Kumbe saa maarufu kuliko zote nayo hupotoka, ila yupo mtu wa kuikagua, naye haoni haya kuongeza peni moja.

Mimi nilikuwa na saa ya mkononi tu, na hakuna aliyethubutu kuikagua. Asubuhi moja nilifunga lango la shule saa moja na nusu. Mvulana mmoja akafika akihema. Alisema, "Shikamoo, mwalimu. Redio ya nyumbani ilikuwa haijatangaza saa moja na nusu nilipopita dirishani." Nilimwambia asinifundishe saa, nikamrudisha kwao. Siku hiyo kulikuwa na mtihani wa muhula.

Jioni, taarifa ya habari ilipoanza, nilitazama mkono wangu. Saa yangu ilikuwa mbele kwa dakika saba.

Niliirudisha nyuma palepale, kimya kimya. Kesho yake nilimwona yule mvulana gwarideni, amesimama wima, ananitazama. Ningeweza kumwita na kumwambia maneno mawili tu. Niliogopa heshima yangu ingepungua. Sikumwita, na mtihani ule hakuufanya.

Saa niliirekebisha usiku uleule. Lile la mvulana bado ninalo.