Nywele za Mgonjwa



Mwaka jana mke wangu alitiwa mionzi kichwani kwa maradhi ya saratani, katika Hospitali ya Bugando iliyo kilimani hapa Mwanza. Zamani wagonjwa wa pande hizi za Ziwa iliwabidi kusafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba hiyo. Alhamdulillahi, siku hizi safari imekuwa fupi.

Katika juma la tatu nywele zikaanza kubaki juu ya mto. Daktari akamtazama, akaandika: daraja la pili. Akanieleza kuwa madaktari hupima madhara ya tiba kwa madaraja 5, la tano likiwa ni mauti. Lakini kupukutika nywele kuna madaraja 2 tu. La kwanza ni chini ya nusu, wala asiyesogea karibu hatambui. La pili ni nusu au zaidi, na kila mtu aona.

Mimi niliyezoea kutoa alama chuoni nikasema moyoni: mbili katika tano ni jambo dogo. Nikamwambia mke wangu, "Mshukuru Mungu, mtandio wafunika yote." Akanyamaza. Tangu siku ile akaacha kwenda harusini hapa Kirumba, hata binti zake hakutaka wamwone. Usiku mmoja akasema, "Maalim, watu hawakioni kichwa changu, lakini mkono wangu wakijua kila nitawadhapo, nikipaka maji."

Niliporudi kwa daktari ndipo nikasikia nililolipuuza: katika maelezo ya daraja la pili imetajwa pia taabu ya moyo wa mgonjwa mbele ya watu. Nikaona haya. Wageni walioandika kipimo kile waliihesabu huzuni ya mke wangu kabla yangu mimi.

Basi enyi waume na vijana, yafaa mjue. Mionzi hupukutisha nywele pale tu inapopita. Dawa za saratani za mshipani ndizo huweza kupukutisha za mwili mzima. Aghalabu nywele huanza kurudi baada ya miezi 3 hadi 6, pengine kwa umbile jingine. Ila kipimo cha mionzi kikiwa kikubwa, huenda zisirudi. Muulizeni daktari mapema, mgonjwa asije akashtuka. Wala msimwambie kuwa ni nywele tu.

Nimemwomba radhi. Nywele zake zimeota kandokando, utosini bado. Mwezi uliopita alikwenda harusini.